Mabibi Katika Chumba cha Mama Lala

Jioni, wanafunzi wakishatawanyika, Mama Lala alifunga dirisha lenye ufa, akachemsha maji, akapanga viti. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa miaka yake yote ya uhadhiri alitafiti nyimbo za kubembelezea watoto. Alikuwa amewafuata mabibi majumbani mwao, na hakuwasha kinasa sauti kabla ya kumpakata kwanza mtoto aliyekuwepo. Karibu mabibi wote walikuwa wameshafariki. Walikuja jioni kusikiliza sauti zao, kwa sababu wajukuu hawakuziimba tena nyimbo zile, na marehemu asipousikia wimbo wake huusahau.

Karani wa idara aliwaazimia viti vya ukumbini. Alilalamikia sukari tu.

"Marehemu gani hawa, chai vijiko vitatu?"

"Itatufanya nini tena, binti yangu?" alijibu bibi mwenye pengo. "Kisukari ndicho kilichotuleta huku."

Karani alicheka, akaongeza kijiko cha nne.

Mwaka huo mkataba wa Mama Lala ulikuwa unakwisha. Asipopandishwa cheo angeondoka, na chumba kingepewa kituo cha ujasiriamali. Makala zake alikuwa ameziandika kwa lugha ya nyimbo zenyewe, na kamati ya kupandisha vyeo ilihesabu zilizochapishwa ng'ambo tu. Jarida moja la ng'ambo lilimwandikia kwamba hakutaja wataalamu waliomtangulia. Alijibu kwamba amewataja wote, na walikuwa wamekaa mbele yake wakipuliza chai. Jarida likajibu kwamba linataka wenye vitabu.

"Basi kwenye kamati tutakwenda wenyewe," alisema bibi mwenye pengo.

Walikwenda. Katika chumba cha kamati hakuna aliyeshtuka, ila mjumbe mmoja aliuliza kama wageni wamejiandikisha getini. Mwenyekiti alisimama, akavua miwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba," alijibu bibi mwenye pengo. "Mbona umekonda?"

"Kazi, bibi."

"Kazi gani?"

"Vikao."

Bibi aliguna. Mwenyekiti akamweleza kwa upole kwamba mada ya mhadhiri huyu haina soko.

"Njoo nikuoneshe anachokisoma," alisema bibi. Akakaa, akamlaza kichwa mapajani mwake, na suti yake hivyohivyo, akaimba:

*Lala, mzigo wangu mwepesi,*
*moto nitauchochea mimi.*

Mwenyekiti alilala. Wajumbe walisubiri. Mmoja alipunguza kiyoyozi ili mwenyekiti asije akapata baridi. Alipoamka alijifuta shavu.

"Nilikuwa nimeusahau kabisa," alisema.

Kisha akavaa miwani, akasoma uamuzi uliokuwa umechapwa tangu juzi: utafiti hauna tija, mkataba hautaongezwa. Hakuruka neno.

"Si mimi, bibi. Ni kanuni."

"Najua, baba," alisema bibi, akamnyoosha kola.

Karani alimsaidia Mama Lala kubeba kinasa sauti na kanda zake mpaka nje, akampa na sukari iliyobaki. Siku hizi mabibi wanakwenda kwenye chumba alichopanga. Ni kidogo, ukuta ni mwembamba, na jirani anafanya kazi ya zamu, analala jioni. Kwa hiyo Mama Lala anaipunguza sauti sana, na wanaokaa nyuma hawasikii kitu. Hawalalamiki. Mmoja baada ya mwingine wameanza kuja bila wimbo, wanakaa tu, wanakunywa chai.

Bibi mwenye pengo anawahi kiti cha mbele. Juzi aliimba mstari wa kwanza, wa pili ukampotea.

"Mwanangu," alimuuliza Mama Lala, "huyu mtoto niliyekuwa nikimbembeleza alikuwa nani?"

"Mjukuu wako, bibi. Yule mwenyekiti."

Bibi alifikiri.

"Ahaa," alisema. "Afadhali yeye alipata kazi."

Mama Lala akamwongezea chai.