Maharamia Juu ya Meza ya Mshonaji

Asubuhi hiyo mshonaji aliketi ukingoni mwa kitanda, cherehani ya mkono ikiwa juu ya ubao wa kupigia pasi, akishona kola za sare za shule. Kila alipozungusha mpini ubao uliyumba, na kola zikatoka zimepinda. Meza yake ilikuwepo sebuleni, ila ilikuwa na shughuli nyingine. Mumewe, fundi saa, alikuwa akimwandalia zawadi ya siku ya kuzaliwa: mchezo wa vita vya maharamia wadogo, wenye merikebu, mizinga, visiwa na bahari yake kamili.

"Usichungulie, mke wangu," alimwambia kila alipopita. "Utaharibu uhondo."

Mshonaji hakuwa na haja ya kuchungulia. Mwaka juzi alipewa mshipi wa kuvulia samaki, mwaka jana darubini, na vyote viwili mume alivitumia kwanza yeye, ahakikishe vinamfaa mkewe. Mtu mwenye mapenzi, huwezi kusema hana. Lakini shule zilikaribia kufunguliwa, mwalimu mkuu alishapita kuulizia sare, na kola zile zilimtia mshonaji aibu. Akiikosa kazi ya shule ile, hana nyingine.

Fundi saa alikuwa na mkono mwepesi, hilo halina ubishi. Alichonga maharamia wa kimo cha kidole gumba, akawatia vifuani magurudumu ya saa mbovu, akawabandika ndevu alizonyofoa kwenye brashi ya viatu. Matanga aliyakata kwenye kitambaa cha sare, bila hodi. Ijumaa alimaliza kuipaka bahari rangi, na Jumamosi ikaanza kupwa na kujaa.

Fundi saa alisema rangi haijakauka. Mshonaji alileta tambara akapangusa sakafu, maana maji yalidondoka ukingoni, tena ya chumvi, na chumvi huharibu kitambaa.

Siku yenyewe ikafika. Mume alivuta kiti upande wenye merikebu kubwa, akampa mkewe dadu na upande wenye mtumbwi. Akasoma sheria za mchezo, na zilikuwa ndefu kweli. Alipoamuru mizinga ipigwe, maharamia wakajitia hamnazo.

"Tuliambiwa leo ni siku ya huyu mama," alisema nahodha. "Sasa wewe unatuamuru kama nani?"

"Kama aliyewatengeneza."

"Tunakushukuru, mzee," alisema nahodha, akavua kofia na kumgeukia mshonaji. "Mama, unataka tukutekee nini?"

Mshonaji hakuwahi kuulizwa hivyo siku ya kuzaliwa kwake.

"Nataka meza yangu," alisema.

Maharamia walijadiliana. Kuteka mahali walipokwisha kupateka lilikuwa jambo geni katika kazi yao, na wengine walikuja juu. Mwisho wakakubaliana kwamba njia ni moja tu, kuhama. Wakang'oa nanga, wakatweka matanga ya sare, na bahari ikateremka kwa mguu wa meza, ikapita chini ya mlango. Wakaondoka nayo, wakiimba vibaya. Jirani aliyekuwa akianua nguo uani aliwapisha.

Meza ikabaki wazi. Mshonaji aliipangusa kwa kiganja, akafurahi furaha ya mtu aliyerudishiwa chake. Akaenda chumbani kuchukua cherehani.

Aliporudi ameikumbatia kifuani, alimkuta mumewe ameinama na tepu ya mkewe ya kupimia, anapima meza.

"Kosa ni langu mwenyewe, hawa niliwapa bahari," alisema. "Mwakani nakutengenezea reli. Treni haina pa kutorokea. Ila kazi ni kubwa, lazima nianze leo. Hebu isogeze hiyo cherehani, mke wangu, isije ikaikwaruza meza."

Mshonaji alirudi chumbani, akaitua cherehani juu ya ubao. Alipofungua kopo la vifungo alimkuta mpishi wa merikebu amejilaza humo. Kama aliachwa au alibaki kwa hiari yake, hakumuuliza. Mpishi aliinuka, akaukumbatia uzi kwa mikono miwili, akautunga kwenye sindano. Ubao ukayumba. Wakaendelea na kola.