Tulia Mpaka Mwisho wa Mwaka

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1996, Tulia alipokata roho huku faili lake la matibabu likiwa bado linashughulikiwa. Ndivyo walivyosema wakubwa wa ofisi ya misaada ya serikali. Walilishughulikia hadi mgonjwa akachoka kuwangoja.

Mumewe, Gaudens, mfua mashuka wa hoteli, akamzika. Kisha theluji ikashuka, na nyumba yao huko ughaibuni, mjini New Hope, ikawa kama imezamishwa ndani ya maziwa. Asubuhi za Desemba, kabla hajafumbua macho, alisikia kandambili zikiburuzwa kuelekea jikoni. Alinusa iliki. Akiinuka tu, kimya. Basi akazoea kulala kafumba macho, kama mtu anayemsikiliza mwenzake bila kutaka kumkatiza. Mwaka mpya ulipoingia, kandambili zikanyamaza.

Februari alikwenda mji wa jirani, Saint Louis Park, kwenye chumba cha chini cha kanisa, ambako Waafrika waliosoma waliwajazia wenzao fomu za kodi bure. Akapangiwa Makena, mhasibu, binti wa Kikenya.

"Mzee, kodi ya mwaka uliopita tuna-file kwa fomu moja, wewe na mama."

"Mama yupi?"

"Bibi yako."

"Nyie Wakenya Kiswahili mnakipasua kama kuni. Mke wangu amefariki, mwanangu."

"Pole sana, mzee. Najua. Lakini sheria iko hivyo. Hata akifa katikati ya mwaka, kwa kodi bado ni mkeo mpaka Desemba iishe. Januari ndio unakuwa single."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kapera."

"Kapera ni kijana anayekula chipsi kitandani. Mimi mgane."

"Kisanduku cha mgane ni cha mwenye mtoto wa kulea, mzee."

Gaudens hakumsikia tena. Mpaka Desemba iishe. Kumbe Tulia alikuwapo kwa ruhusa. Serikali ile ile iliyochelewa kujua anaumwa ilichelewa pia kujua amekufa, na kwa uzembe wa wakubwa wake yeye akapata zile asubuhi. Kidogo awashukuru.

Makena akasogeza karatasi. "Sasa hapa juu tuandike kwamba amefariki, na tarehe."

"Tarehe ipi?"

"Ile ya Novemba. Bila hiyo watu wa kodi wataturudishia fomu."

Gaudens akafunika jina la mkewe kwa kiganja. Wenye mafaili walimfuta alipokuwa hai. Sasa walitaka mumewe ndiye amfute, kwa kalamu yao. Makena akamgeukia msimamizi wa chumba. Msimamizi akasema, bila kuinua kichwa, "Mwambie aandike tu."

"Nitaandika," Gaudens alisema taratibu, kiganja kikiwa palepale. "Lakini umeniambia alikuwa mke wangu mpaka mwaka ukaisha, nami nilikuwa naye mle nyumbani. Nikiandika Novemba, mwanangu, ile Desemba yetu mtaiweka wapi?"