Usiweke Simu Karibu na Dishi

Nawaandikia akina mama wa huku Minnesota, hasa wenye binti chuoni, kwa sababu ya neno nililosikia nikashindwa kulitoa kichwani: kwamba msichana akikaa na redio ya nyota, mionzi inamkausha kizazi.

Aliyeniambia ni Alice, tunayetunza wazee naye kule Maplewood. Alisema amesikia kwa mtu. Mtu gani, hakusema.

Sasa, Makena wangu anayo hiyo redio. Ameiweka nyuma ya nyumba yetu Apple Valley, kwa sababu chuoni mitambo ni mingi, inaisumbua. Imekaa kama ungo mkubwa wa kupepetea maharagwe, umeangalia juu, na waya wake unaingia kwa kompyuta. Mimi naiita ungo tu. Anachora ramani ya nebula, yaani wingu la gesi huko mbali, tusiloliona kwa macho. Mwezi wa tatu wingu lilikuwa linapita juu yetu saa nne mpaka saa sita, mchana kweupe, na ungo unalisikia. Kila siku anapata mstari mmoja, kama mimi nikisuka kiondo, mzunguko kwa mzunguko. Ramani ilitakiwa Ijumaa saa nane. Asipoipeleka, hamalizi chuo mwaka huu.

Jumatano sikuwa na kazi, yeye alikuwa darasani. Saa tatu na nusu akanitumia ujumbe: "Mum, pliz usiweke simu karibu na dishi."

Jamani, kwangu dishi ni chakula. Kila jioni huyo mtoto huingia na viatu vya theluji akiuliza, "Mum, dishi iko tayari?" Na mimi wakati huo nilikuwa naponda mukimo wa viazi na mahindi. Nikasema moyoni, ameanza kunifundisha adabu ya meza. Lakini nikatii. Nikaitoa simu jikoni, nikaiweka nje, kwenye ukingo wa veranda. Pale pale kando ya ungo.

Alice akapiga mara tatu. Mara zote tatu nilitoka nikasimama hapo hapo, tukaongea habari ya mionzi.

Jioni Makena akafungua kompyuta. "Mum, kuja uone. Nimepata nyota mpya."

"Bwana asifiwe!"

"Inapiga kelele kushinda jua. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na arobaini. Saa tano na tano."

Nikachukua simu yangu, nikaangalia nani alipiga saa hizo. Alice. Alice. Alice.

"Si nilikuambia usiweke simu karibu na dishi?"

"Niliitoa! Mukimo ulikuwa jikoni, simu nje!"

Akatazama sufuria. Akatazama ungo dirishani. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, halafu nikaona kicheko kimekuwa machozi. Alhamisi ilikuwa na mstari wake wa mwisho. Huu niliouharibu ungerudiwa Ijumaa asubuhi tu, siku ile ile ya kupeleka.

Ikabidi niseme kilichokuwa kikinitoa nje. Kizazi, mionzi, yote.

"Ai, Mum." Akajifuta pua na mkono wa sweta yangu. "Ungo hautoi kitu. Unasikiliza tu. Kama wewe nikichelewa, unakaa dirishani unasikiliza gari. Kuna siku umeniumiza na kusikiliza?"

"Hapana."

"Basi. Na hilo wingu unajua ni nini? Ni wodi ya uzazi. Nyota zinazaliwa huko ndani."

Wodi ya uzazi! Nami nalilia kizazi.

Ijumaa nilizima simu, nikaifungia kwenye droo ya chumbani. Nikachomoa maikrowevu, nikanywa chai imepoa. Ungo ulikuwa haujaanza kusikiliza, saa nne kasoro dakika tano, nikaona gari la Alice linakata kona. Nikatoka na malapa kwenye theluji, mikono juu.

"Rudi, Alice! Rudi nyuma!"

"Simu yako imezimwa! Kwani mmefiwa?"

"Kuna kuzaa! Zima simu, urudi!"

"Anazaa nani?"

Sikuwa na wakati wa kueleza. Alirudi kinyumenyume mpaka barabara kubwa, macho yamemtoka.

Ramani ilifika saa nane kasoro dakika kumi. Nakala yake iko kwenye friji yangu, wingu jekundu lenye kingo za bluu, mistari yote imekaa. Na Jumapili kanisani watu watatu walinipa nepi.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, epuka haya:

Simu karibu na ungo wa mtoto, hata kama hailii.

Maikrowevu saa nne mpaka saa sita. Chakula baridi hakiui mtu.

Kutii kabla hujauliza dishi gani.

Neno lililosikiwa kwa "mtu". Muulize mtoto wako kwanza, yuko hapo hapo nyumbani.

Kumwambia Alice kuna kuzaa.