Sifuri Tatu Kwenye Kidirisha

...sifuri, sifuri, sifuri, nani ameweka sifuri hapa, mimi niliacha thelathini na moja, nimeiandika hata kwenye andalio la somo kwa kalamu nyekundu, hatua ya pili, dakika kumi, wanafunzi watasikiliza hadithi kutoka kwenye redio kaseti kuanzia namba 031, na sasa kwenye kile kidirisha cha namba kuna sifuri tatu zimejipanga, zinanitazama, na kidole changu kimeshafika juu ya kitufe cheusi, na wanafunzi arobaini na wawili wa kidato cha pili wamenyamaza kama watu walio kwenye mageuzo ya misa, na kule nyuma mkufunzi Nyanda amekunja nne, fomu ya tathmini juu ya goti, ananipima, na pembeni yake mwalimu Gervasi mwenye darasa lake, ndiye aliyeibeba redio kutoka ofisini baada ya chai, ndiye aliyesema pale mlangoni, "Nimeshakutayarishia, binti, wewe bonyeza tu," nami nikasema asante mwalimu, shikamoo mwalimu, vyote kwa mkupuo mmoja, kumbe kunitayarishia ndiyo huku, ameirudisha kanda mwanzo, na mwanzo wa kanda hakuna fisi wala hadithi, mwanzo wa kanda yupo mama... nikibonyeza, mama atasema, atasema jina lake, na jina la baba yake, na mlima wao, maana Mrundi hutaja mlima kama sisi tunavyotaja kijiji, na mwaka aliovuka mpaka, mambo manne, kwa sauti kubwa, kwa Kirundi, mbele ya watoto ambao lugha kama ile wanaiongea jikoni kwao kila siku, Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, halitawapita hata neno, mkufunzi Nyanda ni Msukuma wa Biharamulo, yeye hatasikia kitu, lakini ndiye aliyesisitiza kwamba mwanafunzi mmoja awe anasimama na kutafsiri, sentensi kwa sentensi, ili tathmini iwe ya haki, na Gervasi ni Mhangaza, anakaa kwetu Mugoma, nyumba saba kutoka kwa mama, na Gervasi ndiye mwenye mwandiko mzuri, Mungu wangu, ndiye anayeitwa na mwenyekiti wa kijiji kunakili majina, yale ya Warundi wanaoishi nje ya kambi ya wakimbizi, orodha wanayopewa askari, na wiki tatu zilizopita lori lilisimama mbele ya nyumba ya Selestina, jirani yetu Mrundi, miaka ishirini na mitano ana kahawa yake pale, ana kaburi la mumewe pale, wakamwambia panda, mama, akapanda na kanga moja, maharage yake yakabaki jikoni yanatokota, na mama yangu ndiye aliyekwenda kuyaipua, akarudi na sufuria ile kichwani, hakusema neno, na mimi nikadhani anamlilia jirani tu.

"Mwalimu Evarista," anasema mkufunzi Nyanda, taratibu, "dakika zako zinakwenda," naam mwalimu, nasema naam na nimeegemea meza, naogopa, na watoto hawajui kitu, yule wa dawati la mbele amechonga penseli yake vizuri kabisa, yuko tayari kuandika dhima ya fisi katika hadithi, na fisi wa watu yuko mbali kule kwenye thelathini na moja, fisi aliyevaa kanzu akaenda kuposa, akakalia mkia wake siku nzima ili wakwe wasiuone, mpaka mtu alipovunja mfupa uani... nilikuwa nimeipenda sana, nilijua itawachekesha, nilijua hata Nyanda atacheka, Nyanda ambaye chuoni alituambia fasihi simulizi inakufa kwa kufundishwa kwa chaki, sauti inataka sauti, akaja na redio kaseti moja tukiwa wanachuo thelathini, mwanzo niliogopa kuigusa, kwetu redio ilikuwa ya baba na iliwekewa kitambaa, lakini nikaielewa kuliko wote, cheusi kinasoma, chekundu na cheusi pamoja vinarekodi na kufuta kilichokuwepo, kikifutika hakirudi, na kile kijitufe kidogo pembeni ya namba kinarudisha sifuri, na ukitaka kujua kanda imefika wapi usidanganywe na namba, tazama magurudumu, Nyanda akasema mbele ya wote, muigeni Evarista, nikafurahi kama mjinga, na Jumapili nikaibeba redio mpaka kwa mama, mchana jua limesimama, mama yuko uani anachambua maharage kwenye ungo, nikamwambia mama nisimulie ile ya fisi, akacheka, "Hadithi mchana? Unataka ng'ombe wa watu wakauke maziwa?" nikambembeleza, nikamwambia ni masomo, ni alama, akasema haya, mara moja tu, sirudii, nikabonyeza chekundu na cheusi, nikamwelekezea redio, nikasema mama, sema.

Na mama akaweka ungo chini, akasimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akakifunga upya, akanyoosha mikono ubavuni, hata uso wake ulibadilika, sijawahi kumwona amesimama vile, akasema kwa sauti ya kujibu mtu mkubwa, "Naitwa Ildefonsa, baba yangu ni Nduwayo, mlima wetu ni Kivoga, nimevuka mwaka huu wa sabini na mbili, mwezi wa tano, nina mtoto mmoja mgongoni, wa kike, ana mwezi mmoja," kisha akaketi, akavuta ungo, akaanza, hapo kale palikuwa na fisi, na punje za maharage zinasikika zikidondoka, tak, tak, na mimi nimeshika redio nahesabu miezi, maana mtoto wa kike wa mwezi mmoja ni nani kama si mimi, mimi niliyezaliwa Mugoma, nyumbani kwa baba Desderius, cheti kinasema hivyo, fomu ya chuo inasema hivyo, baba mwenyewe alisema hivyo mpaka tunamzika, na hadithi ilipokwisha nikamuuliza, mama, kule mwanzo umesema nini, akanitazama kama mimi ndiye mwenye kasoro, "Si umeniambia niseme? Kule mpakani mtu akikuelekezea chombo hivyo, unasema hayo kwanza, ndipo mengine," na akaendelea kuchambua maharage, akatupa bovu moja kwa kuku, kana kwamba hakuniambia lolote... miaka yote hiyo hakuniambia mimi, akaiambia redio, na kama nisingeijua redio nisingejijua mimi, na wakisikia wao leo, mama atapandishwa lori kwenda kambini kwa umri ule, na kifua kile kinachombana kila masika, na mimi chuo kitaniita ofisini, Evarista, lete cheti chako tukione tena.

Chekundu kipo hapa, kimegusana na cheusi, vidole viwili tu, ningejifanya nimekosea, mwanachuo bado anajifunza, hata mkufunzi angeandika hajaimudu zana, kifo cha wengi harusi, wanachuo wangapi wameharibu somo la kwanza na bado ni walimu, nusu dakika ya ukimya na yote yangefutika, Kivoga ingefutika, na Nduwayo angefutika, babu yangu, jina ambalo nimelisikia mara moja tu katika maisha yangu na limo humu ndani, kwenye utepe wa kahawia, hakuna mahali pengine lilipoandikwa, Jumapili jioni niliweka vidole hivi hivi na nikavitoa, nikaona heri nianzie mbele, thelathini na moja, mama abaki nyuma amejificha kama alivyozoea, nikaona nimetumia akili, mwerevu mimi, na asubuhi hii nikaiacha redio juu ya meza ya ofisi, nikaenda kukaguliwa andalio... "Madam, betri zimeisha?" ni yule wa penseli, hapana, nasema, hazijaisha, tulieni, naiangalia kwanza, na nainama, nainama ili wasinione uso, ili nipate hata pumzi tatu, uso wangu karibu kabisa na kioo cha kaseti, natazama magurudumu... gurudumu la kulia si tupu.

Si tupu, ngoja, kanda iliyorudishwa mwanzo gurudumu la kulia huwa limebaki lenyewe, jeupe, na hili lina ukingo wa kahawia, mwembamba, kama mstari wa penseli, lakini upo, upo unene ule ule nilioutazama Jumapili, ni pale pale, ni mwanzo wa fisi, kanda haikurudishwa, au ilirudishwa na ikapelekwa mbele tena, na namba ikaanzwa upya na mtu aliyebonyeza kijitufe kwa makusudi, ili fisi ndiye awe mwanzo, na mtu huyo hawezi kujua fisi anaanzia wapi kama hakumsikiliza mama kwanza, alimsikiliza, wakati wa chai, ofisini, peke yake, wenzake wako nje kwenye mandazi, amemsikia mama amesimama vile, Ildefonsa, Nduwayo, Kivoga, amesikia na mtoto mgongoni, na baadaye akanibebea redio mpaka mlangoni na akaniita binti... sasa ninaogopa zaidi au ninaogopa kidogo, sijui, Gervasi ana miaka hamsini na ushee, mwaka wa sabini na mbili alikuwa kijana mwenye ndevu, nyumba ya saba, atakosaje kumwona Desderius mseja anarudi kutoka njia ya mpakani na mwanamke na kichanga, atakosaje kujua, wote walijua, yule bibi wa kisimani aliyekuwa akimcheka mama kila akikosea neno, "Siyo hivyo, hapa tunasema hivi, rudia," mama anarudia na ndoo kichwani, na mimi mtoto nimeshika kitenge chake namchukia yule bibi, kumbe alikuwa anamfundisha apite kama mtu wa hapa, na padre aliyeandika ubatizo wangu hakuuliza nimezaliwa wapi, na orodha imepita Mugoma mara mbili na nyumba yetu haikuguswa, nilidhani ni kwa sababu mama ni wa hapa, nilidhani, na baada ya Jumapili nikadhani ni kwa sababu mama amejificha vizuri, lakini mtu hajifichi miaka ishirini na mitano katikati ya watu wanaomjua, mama alifichwa, walimficha wao, kila siku, kila mmoja na kipande chake, na Selestina naye alifichwa miaka hiyo hiyo mpaka siku moja wakaacha, orodha haiwezi kurudi kwa askari ikiwa tupu, lazima iwe na mtu, na mkono ulioandika Selestina ndio mkono ulioisogeza hii kanda, ndio huo huo, na mwezi ujao sijui utaandika nini, namshukuru na namwogopa, na mama ameyajua haya siku zote, ndiyo maana aliipua yale maharage na kunyamaza, ndiyo maana kila mavuno anapeleka mkungu wa ndizi kwa Gervasi na mimi nikawa nalalamika, mama, kwani hawa nao hawana migomba?... nainuka, naiona fomu kwenye goti la Nyanda, naona penseli arobaini na mbili, na Gervasi hanitazami, anatazama mikono yake, vidole viwili vya mkono wa kulia vina wino.

"Tunakusubiri, mwalimu," anasema mkufunzi Nyanda, nami nasema ndiyo, mwalimu, na kidole bado kipo juu ya kitufe cheusi.