Mlango wa Meneja

Siku ya kwanza ya kupiga filamu tulikuja kazini tumependeza kama maharusi. Poda, wanja, nywele zimesukwa jana yake, sare zimepigwa pasi hadi zinasimama zenyewe. Mwongozaji alitutazama mmoja mmoja, akashika kichwa, akatutuma wote bombani tukanawe.

"Nawataka mlivyo," alisema. "Nataka kweli tupu."

Kuanzia hapo tukambandika jina la Dada Kweli. Alikuwa binti mwembamba, mpole wa sauti lakini mbishi ajabu. Filamu yake haikuwa na muziki wala taa, ila mwanga wa madirisha yetu yenye ukungu wa mvuke. Mwigizaji wa kulipwa hakuwepo hata mmoja. Sisi wafua mashuka tulijiigiza wenyewe, kwa maneno yetu wenyewe. Alisema filamu za maisha ya watu wa kazi ndivyo zinavyotengenezwa. Sikumbishia. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, wifi yangu arudishwe kazini.

Maana kisa chenyewe kilikuwa chake. Kiwandani kwetu tunafua mashuka ya mahoteli, na mimi na wifi tulikuwa pamoja kwenye mashine ya kunyooshea. Siku moja zile rola za moto zilinasa mkono wa sare yangu, zikaanza kunivuta. Wifi akabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikazima, mkono wangu ukapona, na mzigo wa hoteli ukachelewa. Meneja alikuja amefura, hakuuliza habari za mkono, akamwambia wifi aende nyumbani na asirudi. Tuliinamisha vichwa, wote.

Wifi ni dada wa mume wangu na anakaa kwetu. Tangu siku hiyo alikuwa anashinda sebuleni akikunja kila alichokiona: mapazia, taulo, hata mifuko ya dukani.

"Wifi, ukisinzia hapo nitakukunja na wewe," ananiambia.

Nacheka, lakini moyo unaniuma. Mkono ninao, naye kazi hana, na mimi mlango wa meneja sijaugonga kwa sababu namwogopa.

Meneja alikubali tupigwe picha kwa kuwa aliambiwa ni filamu kuhusu kazi, na yeye kazi anaipenda. Ofisini kwake hawakuhitaji kuingia. Walitaka mlango tu, kwa ajili ya mwisho.

"Mnakuja kumwombea mwenzenu," Dada Kweli alitueleza pale kwenye korido. "Mnatembea mpaka mlangoni. Wewe wa mbele unainua mkono kugonga. Hapo nakata, filamu imeisha."

"Na jibu?" nikamuuliza.

"Jibu hakuna, dada. Filamu za namna hii hazimpi mtu jibu. Mtazamaji anaondoka nalo swali lake."

Mara ya kwanza mama wa sabuni, mkubwa wetu, aliitazama kamera. Tukarudia. Msichana wa pasi akashikwa na kicheko. Tukarudia. Wingu likapita, mwanga ukabadilika, tukarudi tena mwanzo wa korido. Ile mara ya kwanza nilitembea nikitazama viatu vyangu, ingawa nilijua ni mchezo. Lakini kadiri tulivyorudia ndivyo woga ulivyoniishia. Miguu ilishaizoea njia. Nikautazama ule mlango, mbao tu, umebanduka rangi karibu na kitasa, nikajiuliza muda wote huo nilikuwa naogopa nini.

Tuliporudia tena, nikainua mkono, nikagonga.

"Kata," Dada Kweli alisema, lakini kwa sauti ndogo, na mpiga picha hakukata.

Meneja akafungua, miwani juu ya paji la uso, kikombe cha chai mkononi. Alipoiona kamera akavuta tumbo ndani.

"Bosi, tumekuja kwa ajili ya wifi yangu," nikasema. "Alizima mashine kuokoa mkono huu. Tunaomba arudi kazini."

Akakohoa kidogo, akatoa sauti nzito ambayo hatujawahi kuisikia. "Mfanyakazi anayemwokoa mwenzake ni mtu wa maana. Mwambieni aje Jumatatu." Kisha akamgeukia Dada Kweli. "Vipi, nimeigiza vizuri?"

"Jumatatu zamu gani, bosi?" nikauliza.

"Aa, mama, hayo si ya sinema?"

"Sisi hatukuwa tunaigiza."

Akacheka. Hatukucheka. Nje gari la hoteli likapiga honi kudai mashuka, likapiga tena, na nyuma yangu hakuna aliyesogea kurudi kwenye mashine. Mama wa sabuni alikunja mikono kifuani. Meneja alitutazama, akaitazama kamera, akanywa chai ambayo lazima ilikuwa imeshapoa.

"Aje zamu ya asubuhi," alisema, safari hii kwa sauti yake ya kila siku. "Haya, kazini!"

Nilipomwambia, wifi aliketi juu ya mataulo yake akalia. Kisha akaniuliza muda wote huo nilikuwa nakunja mashuka na nani. Nikamwambia na yule msichana wa pasi.

"Ndiyo maana umekonda," akasema, akafuta machozi.

Filamu ilipokuwa tayari tulialikwa kuitazama. Dada Kweli alinivuta pembeni kabla hatujaingia ukumbini.

"Dada, ile sehemu ya mlango kufunguka nimeiondoa."

"Kwa nini? Si ndiyo kweli yenyewe?"

"Najua. Lakini kila niliyemwonyesha alisema haiaminiki. Filamu za namna hii haziishi hivyo."

Nilikasirika, sifichi. Bahati yake taa zilikuwa zinazimwa.

Basi filamu ikaishia pale pale, mkono wangu uko juu, mlango umefungwa. Mwanamke mmoja nyuma yetu alikuwa analia kabisa, anapenga kamasi.

"Masikini," alimwambia jirani yake, "yule aliyezima mashine, sijui aliishia wapi."

Wifi aligeuka kitini, mdomo umejaa bisi.

"Niko hapa, dada yangu. Na kesho nina zamu ya asubuhi."