Mlenda wa Najafa

Najafa alikuwa amejigamba kijiji kizima. Mwezi ukiandama, Hajati Tafida angekuja kumposa Sabrin, binti wa Najafa, kwa ajili ya mwanawe wa kiume, naye Hajati angelishwa sungura kwa mlenda wa bustani ya nyumbani, si wa sokoni.

Asubuhi moja akakuta ng'ombe wa wifi yake, Inshirah, amekata kamba na kufyeka bustani yote. Vilibaki visiki vifupi kama kidole. Najafa alilia bila kuona haya.

"Ng'oa visiki hivyo, upande figili, wifi," Inshirah alisema, akimvuta ng'ombe. "Mlenda ni wa msimu mmoja. Umeliwa, umekwisha."

"Ng'oa kwanza huyo ng'ombe wako asiye na adabu. Na kwangu usikanyage tena."

Hakung'oa. Alipoinama aliona, pale majani yalipokuwa yameshikilia, vichipukizi vya kijani vidogo kuliko dengu. Mmea wa msimu mmoja hauna mwakani wa kungojea. Ukikatwa kichwa, huamsha macho yaliyolala ubavuni. Basi kila jioni aliumwagilia maji ya mfereji, akivibembeleza visiki vile na kumtukana ng'ombe kwa zamu.

Mwezi ulipoandama, kila kisiki kilikuwa na matawi matatu manne, majani mororo kuliko ya kwanza. Aliyachuma ya kutosha sufuria moja huku akicheka peke yake.

Hajati aliketi sebuleni. Jikoni, mlenda uliingia kwenye supu ya sungura, kitunguu saumu kikaungua kidogo katika samli. Hapo mpishi humwaga kitunguu huku akivuta pumzi kwa nguvu kama aliyeshtuka, maana husemwa mlenda usioshtukiwa huzama chini ya sufuria, na hakuna mama mkwe asiyetega sikio kuusikia mshtuko huo. Najafa akamwaga. Lakini kwa woga, pumzi ikagoma.

"Haaah." Sauti ilitoka mlango wa nyuma, kubwa hata kuku wakatawanyika. Alikuwa Inshirah, mkate wa kuombea radhi kichwani, macho yake yametua bustanini. "Wifi, hiki kichaka kimetoka wapi?"

Sebuleni Hajati alicheka. "Mshtuko huo umetoka moyoni. Leteni chakula, tusome Fatiha ya posa."

Najafa alimkumbatia wifi yake, mkate na yote, machozi yakimtoka kwa furaha.

"Ingia ule," alisema. "Ila yule ng'ombe, mfunge kwa mnyororo."