Udongo Uliohamia kwa Kebirungi

Jumanne asubuhi Kebirungi alipanda mlimani kupiga matuta ya viazi vitamu, akakuta mpaka umehama hatua tisa. Shemeji yake, Tindyebwa, alikuwa ameing'oa miti ya mpaka na kuipanda upya ndani ya shamba la Kebirungi, akaimwagilia vizuri. Kebirungi alibakiwa na kipande chembamba, chekundu, chenye mawe. Mumewe alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

Akatandaza makapi ya maharage na mabua ya mtama juu ya kile kipande, kama alivyozoea, akaanza kulima. Tindyebwa alichoma magugu yake yote, shamba likabaki tupu.

Siku ya tatu nyungunyungu wakahama. Walipita chini ya mpaka wakiwa wamejaza matumbo, wakautema udongo upande wa Kebirungi kwa vidonge vidogo vyenye unyevu, wakarudi kuchukua mwingine. Kufikia Jumapili kipande chake kilikuwa kimeinuka kimo cha mtu, udongo mweusi umechanganyika na mwekundu, laini hata mkono ulizama hadi kiwikoni. Shamba la Tindyebwa lilikuwa limebaki mwamba.

"Shemeji, wadudu wako wananiibia," Tindyebwa alisema kutoka kule chini.

"Wangu tangu lini? Wamefuata chakula. Huko kwako wale majivu?"

Kikaitwa chama cha machela. Ndicho hubeba wagonjwa na wajawazito kuteremka mlima hadi zahanati. Aliyefukuzwa chamani hana wa kumbeba. Wanaume kumi na wawili walipima kwa fimbo, wakakubaliana kwamba udongo umehamishwa na nyungunyungu. Hilo halikuwa na ubishi.

"Na mpaka, umehamishwa na nani?" Kebirungi aliuliza.

"Mama, tusichanganye mambo," alisema mwenyekiti, mzee Rutahwaire. "Tumeitiwa udongo."

Wakaamua kwamba udongo ni wa ukoo, na mwenye ukoo ni Tindyebwa. Kebirungi aurudishe kwa kikapu. Akikataa, siku yake ikifika, ateremke kwa miguu.

Aliutazama mlima, akajishika tumbo, akaenda kutafuta kikapu.

Sasa huteremsha udongo kutwa nzima, na nyungunyungu huupandisha tena kabla umande haujakauka. Tindyebwa humsaidia kutua mzigo.

"Pole na kazi, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Kesho uwahi basi, kabla ya jua kali. Hali yako si ya kuchezea."